Wewe Si Shati

Duka lile la dobi lilikuwa na imani yake, nayo ilikuwa imani ya kola. Shangazi ndiye aliyeianzisha, na hakuna mfanyakazi aliyeshikishwa pasi kabla hajaikariri. "Mtu akikuletea shati," alikuwa akisema, "usihangaike na uso wake. Uso umezoea kudanganya. Geuza kola." Kola yenye mstari wa kahawia ilikuwa ya mtu anayeoga kwa haraka. Kola iliyochakaa upande mmoja ilikuwa ya mtu wa kubeba begi begani. Na kola iliyofika dukani nyeupe pe, inanukia sabuni hata kabla haijafuliwa, hiyo Shangazi aliishika kwa ncha za vidole kama anashika yai, akasema, "Huyu ana kwao." Wateja walimbandika jina la Mama Kola. Alijifanya halipendi, lakini ukimwita kwa jina lake halisi hageuki.

Povu alikulia humo. Alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, kaka aliyefariki mapema pamoja na mkewe, wakaacha binti anayetambaa. Jina la Povu alilipata siku alipotumbukia kwenye karai la sabuni akatolewa anacheka, mapovu hadi masikioni. Sasa alikuwa mwanamke mzima aliyepita thelathini, na hakuna aliyemshinda kwa kupiga pasi marinda. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kazi, kipenzi cha wateja. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu kwake, nalo watu wa dukani walilizoea hata hawaliulizi: taulo lake halikuanikwa na mataulo ya wengine. Uani kulikuwa na kamba ndefu iliyopigwa na jua tangu asubuhi, na hapo lilining'inia taulo la Shangazi na mataulo ya wajukuu zake wawili, wasichana waliofanya kazi ya kukunja. La Povu lilikauka peke yake kwenye msumari nyuma ya boila, kwenye ukuta wenye unyevu. Nguo zake za ndani nazo alizichemsha katika sufuria yake kuukuu, akamalizia na dawa ya madoa, ile kali inayomtoa mtu machozi kabla hajafungua kifuniko sawasawa.

"Ma'mdogo ana usafi wa kupitiliza," wale wasichana walicheka.

Laiti wangejua. Povu hakujiona msafi hata kidogo.

Turudi shuleni mara moja, maana lawama nyingine zina anwani. Katika kitabu cha sayansi cha darasa la Povu kulikuwa na sura moja ambayo kila mwanafunzi aliijua kwa kuichungulia na hakuna aliyefundishwa. Siku yake ilipofika, mwalimu aliwatoa wavulana nje wakafyeke nyasi, akafunga madirisha, akachora ubaoni kitu kilichofanana na kichwa cha mbuzi mwenye pembe, akakifuta kabla vumbi la chaki halijatulia. "Mmeona?" akasema. "Mkicheza na wavulana mtapata mimba au ukimwi. Kuna swali?" Msichana mmoja aliinua mkono, akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Hilo ndilo lilikuwa swali pekee la siku ile. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wahenga, na mwanaharamu alipita kweli, akaenda kuwasubiri wale watoto mbele ya safari.

Nyumbani, Povu alipovunja ungo, Shangazi alimkalisha juu ya furushi la mashuka akampa somo lake, refu kidogo kuliko la mwalimu. Jitunze. Oga. Ukipata mwanamume, mtazame kola. "Mwanamume msafi hakuletei uchafu, mwanangu." Alisema hivyo kwa mapenzi yote. Ndicho alichokuwa nacho, na mtu hutoa alichonacho.

Basi Povu alipofika umri wa kupenda, alipenda kola. Ilikuwa ya karani wa ofisi ya jirani, ambaye mashati yake meupe yalikuja kila wiki bila hata doa la chai. Povu aliyageuza, akayakagua, akaona huyu ndiye. Hakuuliza kitu. Karani naye hakusema kitu, na huenda mwenyewe hakujua kama ana kitu, maana wengi hawajui. Haukupita muda Povu akashikwa na homa, mitoki ikamvimba kinenani, kisha yakamtoka malengelenge sehemu za siri, yakapasuka yakawa vidonda, na kukojoa kukawa kama kupitisha moto. Karani alihamishiwa kituo kingine. Aliondoka na mashati yake yote, yamenyooshwa vizuri na Povu mwenyewe.

Povu hakumwambia mtu. Angemwambia nani, aanzie wapi, kwa neno gani? Alijua jambo moja tu kuhusu kitu kilichochafuka: kinafuliwa. Akachukua magadi akajisugua. Vidonda vilipopona kisha vikarudi, aliona hakutakata vizuri, akachanganya dawa ya madoa na maji kwenye beseni akakaa humo, ameuma upindo wa kanga yake asipige kelele. Mwalimu asingefanya hivyo, wala muuza mboga. Ni dobi tu anayeweza kuamini kwa moyo wake wote kwamba doa likirudi ni kwa sababu dawa haikutosha. Kila malengelenge yaliporudi aliongeza dawa, na kidonda ambacho kingekauka chenyewe kikachelewa zaidi.

Tena kulikuwa na kichekesho ndani yake, kama mtu angeweza kukiona. Shangazi mwenyewe alitokwa na malengelenge mdomoni kila msimu wa kazi nyingi. Aliyaita homa ya mdomo. Aliyapaka mafuta, akawaonyesha wateja. "Leo msinibusu, nina mgeni," alisema, na watu wakacheka na kumpa pole. Povu alicheka nao, kisha akaenda nyuma ya boila kugeuza taulo lake.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda, mpaka akaja Fundi.

Mashine kubwa ya kufulia ilikuwa imeanza kupiga kelele kama gari bovu, jirani akawaelekeza kwake. Aliingia na kola ambayo Shangazi hakuweza kuitazama mara mbili: nyeusi kwa grisi, imelegea pande zote. "Huyu," Shangazi alinong'ona, na kunong'ona kwake kulifika hadi barabarani, "kola yake haijulikani hata ilizaliwa na rangi gani."

"Ilizaliwa buluu, Mama," Fundi akajibu kutoka chini ya mashine. "Ila imelelewa vibaya."

Povu alicheka hadi akaunguza foronya ya mteja.

Fundi alipenda kuzungumza akiwa amelala chini ya mashine, miguu tu ikiwa nje, na Povu akajizoeza kuongea na viatu vyake. Alitengeneza mashine, kisha pasi, kisha boila, kisha vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Hata Shangazi akaishia kusema, "Kola hana, lakini mtu ni mtu." Mwisho Fundi alimwambia Povu kwamba angependa wazee wake waje Jumamosi kuzungumza na Shangazi, na Povu akasema ndiyo kabla mwenzake hajamaliza sentensi.

Furaha ile ilidumu hadi alipoingia kuoga. Akiwa na taulo lake la nyuma ya boila begani, akakumbuka yeye ni nani. Wasiwasi ukamkaa, usingizi ukapungua, na Jumatatu asubuhi akasikia ule mchonyoto anaoujua, kama pini zinazotembea chini ya ngozi hadi pajani. Akaamua. Angemwambia Fundi hamtaki, wala asingetoa sababu. Heri amwone katili kuliko amwone mchafu. Kisha akaingia bafuni na beseni, akamimina dawa ya madoa bila kupima.

Siku iliyofuata, muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja kuchukua sare zake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wagonjwa kwenye foleni. Povu alikwenda rafuni kumletea sare, akarudi anatembea kama anayekanyaga misumari.

"Una nini wewe?" muuguzi akauliza.

"Nimeungua kidogo na mvuke, Sista."

"Mvuke gani huo unaomuunguza mtu katikati ya miguu?" Muuguzi akaegemea kaunta, akashusha sauti. "Mdogo wangu, hiyo harufu ya dawa ya madoa inatoka kwako, haitoki kwenye sare zangu. Niko zamu mchana kutwa. Njoo. Usipokuja nitakufuata, tena nitakuita jina lako barabarani."

Hakuna aliyetaka kuitwa barabarani kwa sauti ile. Povu alikwenda.

Chumba cha muuguzi kilikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani lililokatika ndoano, na feni ya mezani iliyokataa kugeuka kushoto. Muuguzi alivaa glavu, akamwangalia, akavuta pumzi kwa meno.

"Haya malengelenge nayajua. Lakini hii ngozi iliyobabuka je? Umejipaka nini?"

Povu akaeleza, tangu magadi ya mwanzo hadi beseni la jana. Alieleza akiitazama feni. Muuguzi alivua glavu, akanawa mikono, akakaa kitini. Povu akajiandaa kwa hotuba, maana hotuba alizijua, ndizo alizolelewa nazo.

"Nani alikwambia wewe ni shati?" muuguzi akauliza.

Povu alifungua mdomo ajibu, machozi yakamtangulia. Na katikati ya machozi kikamtoka kicheko, kwa sababu lilikuwa kweli, alikuwa amejifanya shati miaka yote hiyo. Muuguzi alimwacha alie na acheke mpaka amalize. Kwa hilo peke yake Povu alimshukuru tangu siku ile.

"Sasa sikiliza," muuguzi akasema. "Hii inaitwa herpesi. Ni virusi. Si uchafu, si laana, wala si adhabu ya kupenda. Vinaingia ngozi kwa ngozi, halafu vinakwenda kulala kwenye mishipa ya fahamu, ndani kabisa, ambako sabuni yako haifiki. Ukichoka, ukiugua, ukiwa na mawazo, vinaamka. Haviondoki mwilini, sikudanganyi. Ila vinatulizwa, na watu wanaishi navyo vizuri tu. Wako wengi kuliko unavyodhani. Wengine unawafulia."

"Na taulo?"

"Taulo lina kosa gani?"

"Naliweka mbali. Nisiwaambukize wa nyumbani."

"Havikai kwenye taulo vikamngoja mtu. Wala kwenye choo, wala kwenye sabuni. Ukigusa kidonda nawa mikono, inatosha. Taulo lako lipe jua." Muuguzi akamtazama. "Shangazi yako yale ya mdomoni anayaitaje?"

"Homa ya mdomo."

"Basi ni ukoo mmoja na haya yako. Hata hayo ya mdomoni yanaweza kushuka huko chini kwa njia ya mdomo, watu hawajui. Ila Shangazi yako anayaonyesha kaunta, anapewa pole. Wewe unajibabua ngozi bafuni."

Kumbe Povu alikuwa akilala na ugonjwa wake nyumba moja tangu utoto, unapakwa mafuta mbele za watu na kutaniwa. Alimkasirikia mwalimu wa sayansi kwa kitambo kidogo, kisha hasira ikamwishia, kwa sababu muuguzi alikuwa bado anaongea na yeye hakutaka kupitwa na neno hata moja. Alisikiliza kama mtu mwenye njaa anavyokula.

"Huo mchonyoto unaokuja kabla ndio kengele yako," muuguzi aliendelea, akifungua kabati la dawa. "Kengele ikilia, anza vidonge siku hiyo hiyo, usingoje malengelenge yatoke. Kaa kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, jikaushe taratibu, vaa nguo ya pamba isiyobana. Kukojoa kukiuma, jimwagie maji wakati ule ule. Yakirudi mara kwa mara kuna vidonge vya kumeza kila siku. Na tangu kengele ilie mpaka ngozi ipone kabisa, hakuna tendo. Leo nitachukua kipimo hapo kwenye kidonda, na tupime na hayo mengine, tusibahatishe. Na ile dawa yako ya madoa, mdogo wangu, waachie mashuka."

"Sista, Jumamosi wazee wa mwanamume wanakuja kwetu. Nitamwambia simtaki."

"Humtaki?"

"Namtaka mpaka naumwa."

"Sasa je?" Muuguzi akamwekea vidonge mkononi, akaufunga mkono ule kwa mkono wake. "Kondomu inapunguza hatari. Vidonge vya kila siku vinapunguza. Haviimalizi, maana mara nyingine virusi vinapita hata ngozi ikiwa nzima. Kwa hiyo lazima ajue. Si kwamba wewe mchafu, ila naye ana ngozi. Mwache achague macho wazi. Wewe ulinyimwa nafasi hiyo."

"Na watoto?"

"Utazaa. Ila mwambie mkunga mapema, hasa kama kengele imelia karibu na kujifungua, ajue la kufanya. Hilo usilifiche hata kwa dawa. Mficha maradhi…"

"…kilio humuumbua," Povu akamalizia.

"Ehe! Hilo walikufundisha shuleni. La maana wakaliruka."

Jumatano Fundi alikuwa chini ya mashine anabadilisha beringi. Povu, aliyekwisha kuanza vidonge na kuoga maji ya chumvi, alileta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake taratibu. Jikaze kisabuni, alijiambia. Lilikuwa neno la Shangazi la siku za kazi nyingi.

"Fundi."

"Naam."

"Nina jambo. Usitoke huko. Baki hapo hapo nikueleze."

"Nimebaki."

Akaviambia viatu. Akaviambia habari za karani, malengelenge, Sista wa zahanati, virusi vinavyolala na kuamka, vidonge, kondomu, na ile hatari inayobaki hata baada ya yote hayo. Hakuruka ukurasa. Katikati ya maelezo sauti ya spana ilinyamaza, naye akaendelea hivyo hivyo hadi mwisho.

Fundi alijivuta nje, grisi shavuni, akakaa sakafuni.

"Inauma?" akauliza.

Povu hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alijiandaa kwa nani, lini, na kwa nini. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza kama inauma. "Inauma," akasema. "Hata sasa hivi inauma."

"Pole." Fundi aliiweka spana chini. "Povu, sijui niseme nini. Mambo haya siyajui, na sitaki kukudanganya." Akajifuta mikono, akavaa kofia, akatoka. Mashine ikabaki tumbo wazi.

Alhamisi hakuonekana. Mchana ukafika, mashuka ya nyumba ya wageni yamelundikana hadi kwenye kiti cha wateja, na Shangazi akaanza.

"Yuko wapi huyo fundi wako? Mashine kaiacha matumbo nje, Jumamosi wazee wake wanakuja, sisi tutawapokea juu ya marundo?"

"Sijui kama watakuja, Shangazi."

Wasichana walikuwa wamekwenda kupeleka nguo za wateja. Povu akaweka pasi pembeni akasema yote, mara ya pili, na mara hii lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu viatu havitoi machozi na Shangazi alikuwa anatoa. Alikuwa anakunja shuka alipoanza kusikiliza. Povu alipofika kwenye dawa ya madoa, mikono ya Shangazi ikasimama. Shangazi aliijua dawa ile inavyotoboa kitani. Aliketi juu ya furushi, akashika mdomo wake pale palipokuwa na kovu la mgeni wa mwezi uliopita.

"Hii hii?" akauliza.

"Ndugu yake."

"Na yule karani… Kola zake si nilizisifu mimi?"

"Ulizisifu."

"Zilikuwa nyeupe."

"Zilikuwa nyeupe sana, Shangazi."

Wakatazamana. Haikuwa ya kucheka, lakini walicheka, kicheko kile cha msibani kinachomshika mtu asipotaka. Kisha Shangazi akamvuta Povu kifuani, kama siku ile ya karai. "Nilikupa nilichopewa, mwanangu. Nami nilipewa kidogo."

"Najua. Na ulinipa mengine mengi."

Shangazi akainuka, akaenda nyuma ya boila, akarudi ameshika taulo kwa mkono ulionyooka mbali na pua. "Linanuka kuvu! Dobi gani anajifutia taulo la kuvu? Utanifukuzia wateja." Akalifua mwenyewe kwa mikono, kwa sabuni ya kawaida, akalikamua, akatoka uani akalibana kwenye kamba ndefu katikati ya taulo lake na la mjukuu mkubwa. Povu alisimama mlangoni akaangalia. Lilikuwa taulo la kawaida tu, limefifia rangi, na upepo ulilipeperusha sawa na yale mengine.

Wasichana waliporudi, jicho lao la kwanza lilikwenda kwenye kamba. "Bibi, la Ma'mdogo leo liko hapa?"

"Kwani hana haki ya jua?" Shangazi akawajibu. "Tueni hayo makapu, mkae. Mnauona mdomo wangu? Basi leo nitawaambia mgeni wangu anatoka wapi, na anaweza kwenda wapi. Na wewe usizibe uso, hata mimi naona haya."

Hakumtaja Povu hata kidogo. Alitaja mdomo wake mwenyewe, ujinga wake mwenyewe, na kola. Povu, aliyekuwa amerudi kwenye meza ya pasi, alisikia kila neno. Alimsikia Shangazi akikosea mahali pawili, akatoka akaketi nao kumsahihisha, na mjukuu mdogo akauliza maswali ambayo mwalimu wa sayansi angeyakimbia mbio. Kila swali lilijibiwa. Lile ambalo hawakulijua waliliweka kando wakamuulize Sista.

Ijumaa kengele ya mlangoni ililia. Fundi hakuingia kwa mlango wa uani kama kawaida yake. Aliingia kwa mbele, kama mteja, amevaa fulana, shati lake la buluu limekunjwa kwapani. Akaliweka kwenye kaunta mbele ya Shangazi.

Mkono wa Shangazi, kwa mazoea, uligeuza kola. Grisi tupu.

"La lini?" akauliza.

"La kesho, Mama," Fundi akasema, lakini macho yake yalikuwa kwa Povu. "Nimejisugulia mwenyewe, kola imekataa. Wazee wangu watafika mapema. Kama bado tunakaribishwa."

Povu alishika meza ya pasi. "Ulikuwa wapi?"

"Kwa Sista wako. Alisema ya kwako hanisimulii, lakini ya ugonjwa wenyewe niulize nitakavyo. Kwanza akaniuliza yeye maswali, nikafeli yote, yule mama hana huruma. Nilidhani nayajua haya mambo, kumbe najua beringi tu. Akanifundisha, akanipima anavyoweza kunipima, akanipa kondomu pakiti nzima mbele ya foleni." Akakuna kichwa. "Juzi ningekujibu palepale, ningekujibu kwa huruma, na kesho yake ningeogopa. Sasa nimejua ninachoogopa, na ni kidogo kuliko nilivyodhani. Bado kipo, lakini ni kidogo. Wewe nakutaka, pamoja na yote."

Shangazi alijifanya anatafuta vibanio chini ya kaunta, na alivitafuta kwa muda mrefu kuliko vibanio vinavyohitaji.

"Asante," Povu akasema. Alitaka kusema mengi, lakini hilo ndilo lililotoka, akalisema tena.

"Mtashukuriana mashine ikishatengenezwa," Shangazi akasema kutoka chini, pua imeziba. "Povu, chukua shati."

Povu akalichukua akaenda nalo kwenye karai. Shangazi akamfuata, akanyoosha mkono kwenye rafu ya dawa ya madoa, chupa ile ile, kisha akaurudisha. "Sabuni na maji," akasema. "Ikibaki, ibaki."

Ilibaki. Povu alisugua kwa upole, akasuuza, akaanika shati kwenye kamba ndefu karibu na taulo lake, na jua lilipolikausha kivuli cha grisi kilikuwa bado kimezunguka kola yote. Alilinyoosha vizuri hivyo hivyo. Mwili wake ulikuwa umeanza kutulia. Vidonda vilikuwa vinakauka vyenyewe, bila vita.

Jumamosi wazee walipofika, marundo yalikuwa yamesafishwa na mashine inazunguka kimya. Fundi alikuwa nyuma yao, shati la buluu limemkaa, kivuli cha grisi shingoni kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Shangazi alisimama mlangoni kuwapokea. Wasichana wakagusana viwiko, wakingoja kuona macho ya bibi yao yataanguka wapi.

Shangazi hakuitazama kola. Alimtazama Fundi usoni, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza, kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Pita ndani."